Pointi saba

Mizani ya zamani tuliiita "saa". Ilikuwa na uso wa mviringo kama saa ya ukutani, mshale mmoja mwekundu na ndoano kwa chini, na ilining'inia kwenye boriti ya kibanda chetu cha kununulia majani mabichi ya chai, Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Mkulima anatundika mfuko, mshale unatetemeka, nasubiri utulie, nasoma kwa sauti, naandika kwenye kitabu chenye kaboni. Nilianza kazi hiyo mwaka 2004 nikiwa na miaka 23, nikidhani ni ya kupitishia muda.

Masika ya 2013, miezi michache tangu uwanja wa Songwe uanze kupokea ndege, makarani wote tuliitwa kiwandani. Kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, kavaa makoti mawili (baridi ya kwetu haina adabu kwa mgeni), akatufungulia maboksi. Ilikuwa mizani ya betri, yenye kioo cha namba, inasoma kadi ya mkulima na kutema risiti kutoka kwenye printa unayoifunga kiunoni. Mafunzo yalikuwa asubuhi moja tu. Karani mkongwe kuliko sisi sote alitoka nje kuvuta sigara, hakurudi mpaka tulipomaliza. Wiki ileile akaomba ahamishiwe kwenye kitalu cha miche. Tulimcheka kwamba kaogopa mashine. Siku hizi nadhani aliliona mapema lile ambalo mimi nilikuja kupigana nalo mwereka.

Mashine yenyewe ilizoeleka. Upepo ukishuka kutoka Mlima Rungwe mfuko unabembea na namba zinacheza, basi unajifunza kuushika kwa kiganja na kuuachia taratibu. Mvua ya kule mnaijua. Printa niliivalisha mfuko wa nailoni. Kibanda hakikuwa na umeme, kwa hiyo betri ililala kwa kinyozi pale sokoni, nami nikawa namlipa kwa kumsikiliza siasa zake. Kilichotuaibisha ni risiti. Wakulima walizihifadhi pale walipozoea kuweka karatasi zao, jikoni juu ya moto, na karatasi ile ikipata joto inageuka nyeusi tii. Walikuja nazo wamezikunja vizuri kwenye kona ya khanga: "Karani, mashine yenu imeandika, halafu imefuta."

Lakini hayo ni madogo. Kubwa lilikuja siku ya nne.

Kulikuwa na bibi mmoja ambaye shamba lake lilikuwa juu ya barabara. Majani yake yalikuwa masafi, majani mawili na chipukizi, hakuna vikonyo vigumu. Nikamwamkia, "Mugonile, bibi," akaitikia, akatundika mfuko. Nikasoma: kumi na nane pointi saba. Hakujua kusoma barua, ila namba alizijua za sokoni. Akasogea kwenye kioo.

"Hiyo ya mwisho ni nini?"

"Ni gramu mia saba, bibi. Haijafika kilo."

"Nitalipwa?"

"Utalipwa."

Akatikisa kichwa, akaichukua risiti, akapiga hatua mbili, akageuka. "Mjukuu wangu. Hiyo pointi saba, zamani ilikuwa inalala wapi?"

Foleni ikacheka. Halafu ikaacha kucheka.

Ukweli ni kwamba zama za saa tulikata. Mshale ukisimama kati ya kumi na nane na kumi na tisa, unaandika kumi na nane, hata kama umebakiza unywele kufika kumi na tisa. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Aliyenitangulia alinionyesha tu kwa macho. Na sababu ilikuwepo. Jani bichi sehemu yake kubwa ni maji, na likishachumwa linaanza kupungua. Lori lilipita vibanda sita kabla ya kufika kiwandani, na pale mizani mikubwa ilisoma pungufu kuliko daftari langu. Upungufu ule ulikatwa kwenye mshahara wangu. Basi zile nusu nusu za wakulima ndizo zilizonikinga.

Hapo ningeweza kuishia, na kwa miaka tisa niliishia hapo. Jioni ile nilichukua kalamu. Wakulima sitini kwa siku, kila mmoja nusu kilo kwa wastani: kilo thelathini. Upungufu wa njiani, siku ya kawaida, haukuzidi ishirini. Nyingine zilikuwa za nani? Zilionekana kiwandani kama "ziada", na kibanda chenye ziada kilisifiwa na karani wake kupewa mfuko wa sukari mwisho wa mwaka. Sikuwahi kupeleka nyumbani hata jani moja la mtu. Sukari ya Krismasi, hiyo tuliinywa.

Bibi nilimjibu kwamba pointi zilikuwa zinalala njiani. Haikuwa uongo. Aliniangalia kama mtu anayepima nyanya kwa mkono, akaondoka.

Mwezi ule wa kwanza nilikatwa mshahara mpaka mke wangu akauliza kama nimeanza kunywa. Kinga haikuwepo tena. Kila gramu ilikuwa na jina la mtu na kadi yake. Nikamwandikia msimamizi barua, akanijibu kuwa vibanda vingine havilalamiki. Nikamwomba jambo moja: mfuko uleule tuupime kibandani, tuupime tena ukishuka kwenye lori, siku tatu mfululizo. Siku ya jua ulipungua zaidi, siku ya mvua kidogo tu, na siku lori liliponasa kwenye tope hadi usiku majani yalikuwa yamepata moto ndani ya mfuko na kuanza kuwa mekundu. Nadhani hayo majani mekundu ndiyo yaliyomshawishi, kuliko hesabu zangu. Wakatenga asilimia ya upungufu wa njiani, na mshahara ukapumua.

Juni, baridi ikaingia na chai ikagoma kuchipua. Siku moja foleni ilikuwa fupi, nikafunga mapema, nikapanda kwa bibi. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Akanikaribisha jikoni, akanipa kigoda, na kabla sijafungua mdomo akashusha kibakuli kutoka juu ya moto, palepale risiti zilipokuwa zinaungulia. Kilikuwa na punje za mahindi.

"Karatasi zenu zinakufa," akasema. "Kwa hiyo kila nikitoka kwako naweka punje. Pointi saba, punje saba. Pointi mbili, mbili. Hesabu."

Nilizihesabu kwa makumi sakafuni, kila kumi kilo moja. Zikafika kilo sita na punje tatu.

"Hizo ni za masika haya tu," akasema. "Wewe una miaka mingapi kwenye kile kibanda?"

"Tisa, bibi."

Akachukua kibakuli, akaanza kuzirudisha punje moja moja.