Usiing'oe pini kwanza

Faili ya kesi ya miaka ya 1920 ikifunguliwa mezani, mkono huenda moja kwa moja kwenye pini ya stepla iliyoshika kutu. Iache. Katika faili za mahakama za enzi ya ukoloni, mara nyingi pini ndiyo inayoonyesha hati ipi ilikuwa ya ipi. Kielelezo kilichobanwa nyuma ya hati ya kiapo kikihamia kwingine, hakuna atakayejua kilikuwa kinathibitisha nini. Piga picha mbele na nyuma, kisha andika mpangilio wake kwenye kikaratasi cha pembeni, kwa penseli. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo.

Kuitoa kwenyewe ni kazi ya subira. Geuza karatasi, pitisha kipande chembamba cha plastiki ya poliesta chini ya miguu ya chuma, halafu inua mguu mmoja mmoja kwa kisu butu. Plastiki ndiyo inayoikinga karatasi na kisu. Geuza tena, weka plastiki chini ya mgongo wa pini, uuinue taratibu. Ukivuta kwa nguvu utatoka na kipande cha karatasi, kwa sababu kutu hula nyuzi zilizoizunguka na kuzifanya zivunjike kama biskuti. Kile kifaa cha meno cha kutolea pini za stepla kibaki kwa karani wa ofisi. Doa la kutu nalo usilisugue: karatasi mbili zilizotengana miaka mingi hutambuana kwa doa na matundu yanayolingana. Ukimaliza, usibane upya kwa klipu. Ziweke hati hizo pamoja ndani ya karatasi isiyo na asidi iliyokunjwa.

Hatari kubwa zaidi ni maji. Hati iliyokunjwa mara nne inashawishi kulainishwa kwa unyevu, lakini tazama kwanza imeandikwa kwa nini. Penseli ya kopi hufanana na penseli ya kawaida hadi iguswe na maji, ndipo inageuka zambarau na kusambaa. Wino wa muhuri wa mpira na alama ya kidole gumba pia huweza kuyeyuka, na kwa shahidi asiyejua kuandika, gumba hilo ndilo saini yake yote. Jaribu tone dogo pembeni, au iache na mikunjo yake.

Palipochanika, tumia karatasi ya Kijapani, ile nyembamba yenye nyuzi ndefu, na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu, hapana kabisa. Gundi yake hupenya, huwa ya manjano, na utando wake hubanduka ukiacha doa.

Kwa anayekuja kusoma tu pale Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya, Moi Avenue: sheria ya nyaraka, Sura ya 19, hufungua kwa kawaida zilizotimiza miaka 30. Nakili namba ya kumbukumbu nzima, pamoja na mikwaju (/) yake; PC na DC ni ofisi tofauti, ya mkoa na ya wilaya. Na kama faili haipo, usikate tamaa upesi. Moto wa 1939 uliteketeza kumbukumbu nyingi za serikali kuu hapa Nairobi, ila barua zilizokuwa na nakala wilayani huenda bado zipo huko chini ya DC. Za miaka ya Hali ya Hatari (1952–1960), tafuta pia mfululizo wa FCO 141 kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, huko Kew: humo ndimo ziliko faili zilizosafirishwa kabla ya uhuru na ambazo kuwepo kwao kulikubaliwa hadharani mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza huko London.