Mtu wa Dodoma kwenye maji marefu

Jamani, nimerudi mjini. Mabega yanauma, ila kozi ya uokoaji kwa wazamiaji nimeimaliza. Nyumbani wananicheka: mtu aliyekulia maji ya kisima cha Makutupora anafuata nini baharini Unguja?

Ile kozi iliyotangulia, ya kushuka hadi mita 30 na kutumia dira chini ya maji, ilikuwa burudani. Hii ni kazi. Unamkuta mwenzako "amezimia" chini, unampandisha taratibu, na wewe hubani pumzi hata kidogo, maana hewa mapafuni hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua. Mkishaibuka unamvuta kuelekea botini huku unampulizia pumzi kila baada ya sekunde 5, na katikati ya pumzi hizo unamvua mtungi na mkanda wa uzito. Mawimbi hayana habari na wewe. Mwalimu, mpole kweli nchi kavu, alijifanya mzamiaji aliyepaniki akaning'ang'ania miwani. Siku ile sikumpenda.

Wenzangu wa bara, hili tulijue: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nitrojeni ya hewa ya mtungi inayobaki mwilini baada ya kuzamia haijali umepanda ndege au treni ya SGR. Ukipanda mwinuko mapema inaweza kutoa viputo kwenye damu na viungo. Baada ya kuzamia siku kadhaa, mwongozo ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Mimi niliufuata hata kwa treni, nikabaki Forodhani nakula urojo.

Wanaouliza gharama, njooni pembeni. Hapa mama mkwe anasoma.