Nilivyojiaibisha bungeni, kalamu ikaniokoa

Kaka yangu ndiye aliyeniponza. Aliposikia nimepata nafasi kwenye kongamano la uongozi la vijana, siku sita ndani ya chuo kikuu, alinikalisha chini akanipa siri moja: "Kamata maiki kabla wenzako hawajaishika. Kiongozi ni sauti." Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga kongamano lolote, lakini nani angemuuliza?

Mama naye alikuwa na lake. Barua ilisema "umeteuliwa", basi kila aliyepita mlangoni alisomewa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba barua za namna ile hupelekwa kwa wengi, wala kwamba waandaaji mara nyingi hukodi tu kumbi na mabweni wakati wa likizo, na kulala humo hakukupi nafasi ya kusoma pale. Ada ilimega akiba yake vibaya. Uliza ufadhili mapema. Mimi niliuliza mwishoni, nikapunguziwa kama robo hivi.

Siku ya pili tukafanya bunge la kuigiza, hoja ikiwa kuongeza saa za maktaba. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne niliyoiandaa nyumbani, kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nikasimama wa kwanza, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wakubwa. Kila mchangiaji alipewa dakika mbili. Ya kwanza iliisha nikiwa bado nasalimia. Sauti ikatoka nyuma: "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!" Spika, binti mdogo kuliko mimi, akaniuliza kwa upole, "Mheshimiwa, unachangia hoja ipi?" Nikababaika, nikasema natoa hoja mpya. Akauliza nani anaunga mkono. Kimya. Nikanyoosha mkono mimi mwenyewe: "Naunga mkono hoja!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kumbe mtoa hoja hajiungi mkono mwenyewe, na hoja isiyoungwa mkono hufia palepale. Yangu ilikufa huku nikiitazama. Jioni, kwenye foleni ya chakula, nilikuwa tayari naitwa Mheshimiwa Najiunga.

Kesho yake nilitaka kujificha tu. Kundi letu likatafuta katibu, wote wakainamia viatu vyao, nikasema nitaandika mimi ili nisiongee. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Watu wanane wakibishana saa mbili, hakuna anayekumbuka kilichokubaliwa isipokuwa mwenye karatasi. "Katibu, tulisemaje pale?" Nikisoma, wananyamaza. Nikanogewa. Nilipotaka wazo langu lipite, sikulitetea, niliuliza tu, "Niandike maktaba ifungwe saa sita usiku wakati wa mitihani, au tuliache?" Wakajibu kwa pamoja: "Andika!"

Kalamu hiyohiyo ilinisaidia kwenye mhadhara wa dakika 50. Mhadhiri yule hakuandika ubaoni, hakuita majina, wala hakusubiri mtu. Mtindo wangu wa kuandika ni ule wa Cornell, alioubuni Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani: chora mstari wima ukurasani, maelezo kulia, maneno makuu na maswali kushoto, chini muhtasari wa mistari michache. Swali moja la kushoto nililipeleka ofisini kwake, saa zake za kuonana na wanafunzi. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti, akanieleza dakika kumi nzima, kisha akaniambia hata wanafunzi wake wenyewe huwa hawaji mpaka wafeli.

Kulala ni habari nyingine. Mwenzangu wa chumba alikoroma kila usiku. Beba vya kuziba masikio, acha suti ya pili nyumbani.

Siku ya mwisho azimio letu lilipita, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kusoma mwandiko wangu, nililisoma mimi. Dakika mbili, sikuzidisha hata sekunde.

Nilipofika nyumbani kaka aliniuliza, "Ulikamata maiki?" Nikamjibu ndiyo, nilikuwa wa kwanza kabisa. Akatabasamu wiki nzima.