Sahani ya saa 8 usiku

Chukua sahani moja ya chakula, mpe mtu yuleyule, badilisha saa tu. Akila saa 2 asubuhi, sukari kwenye damu hupanda na kushuka bila taabu. Akila saa 8 usiku, hupanda juu zaidi na hukawia kushuka. Kwa anayefanya zamu za usiku, hapa ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kuhesabu kiasi cha chakula.

Saa kuu ya mwili imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, nayo hufuata mwanga. Ini, kongosho, misuli na mafuta vina saa zao pia, lakini hizo husikiliza sana muda wa kula. Giza likiingia, ubongo huachilia melatonini, ambayo pamoja na kuleta usingizi hupunguza utoaji wa insulini, homoni ya kongosho inayoondoa sukari kwenye damu. Kukesha wiki nzima hakuigeuzi saa kuu, kwa kuwa mwanga wa asubuhi unapokumulika njiani kurudi nyumbani huirudisha ilikokuwa. Basi ukila usiku wa manane, ubongo umeshaambia mwili ni wakati wa kulala, na tumbo linaliambia ini kumekucha.

Utafiti uliochapishwa 2021 Marekani ulilionyesha hili waziwazi. Watu 19 walikeshwa kama wafanyakazi wa usiku. Waliokula usiku, wastani wa sukari yao ulipanda kwa asilimia 6.4. Waliokula mchana peke yake haukupanda, ingawa nao walikesha vilevile.

Tuseme zamu yako ni saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi. Mlo mkuu uwe kati ya saa 11 na saa 12 jioni, kabla ya kutoka nyumbani: protini ya kutosha, mboga nyingi, kunde, wanga kiasi. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, kunywa maji au chai isiyo na sukari. Njaa ikikaza, yai moja la kuchemsha au konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, inatosha. Ukirudi, kula kidogo tu, ili njaa isikuamshe saa 5 asubuhi.

Wengi hujilaumu kwa biskuti na soda za saa 9 usiku. Kosa halikufanyika saa hiyo. Lilifanyika saa 12 jioni, walipochelewa kuamka wakakimbilia kazini bila kula. Njaa ikikutana na usingizi, mwili hudai kitamu, na soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, zinazoingia kwenye damu wakati kongosho iko taratibu kabisa.

Kahawa inywe mapema. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya muda wa saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alfajiri bado kinafanya kazi saa 3 asubuhi, na usingizi unaoupata hapo ni mwepesi na mfupi. Usingizi pungufu wenyewe hupunguza usikivu wa mwili kwa insulini na huongeza njaa. Chumba kiwe giza kweli: nyoosha mkono mbele ya uso, na ukiweza kuhesabu vidole, ziba kingo za pazia. Ukipata saa 5 tu za usingizi, ongeza dakika 90 alasiri kabla ya zamu. Miwani ya jua njiani husaidia, ila usiivae ukiwa unaendesha gari huku unasinzia.

Baada ya mlo wa jioni tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kungoja insulini nyingi.

Vipimo navyo huharibika kirahisi. Sukari ya kufunga inataka muda wa saa 8 bila kula, kwa hiyo damu iliyotolewa saa 2 asubuhi baada ya vitafunio vya saa 9 usiku haisemi kitu cha kuaminika. Pima siku ya mapumziko, baada ya kulala usiku. Chini ya 5.6 mmol/L ni sawa, 5.6 hadi 6.9 ni dalili ya hatari, 7.0 au zaidi, ikirudiwa na kuthibitishwa, ni kisukari. Kiuno nacho kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ni mpaka wa kuchukua hatua.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi asianze kuacha kula usiku kwa uamuzi wake. Sukari inaweza kushuka ghafla akiwa kazini, na dalili zake, yaani jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, zikadhaniwa ni uchovu wa kukesha. Aende kwanza kwa daktari wake na ratiba ya zamu ya mwezi mzima mkononi, wapange upya dozi na saa zake.