Kanvasi nyeusi, birika la shaba na bilauri ya maji

Niliambiwa kwamba ukianza picha ya rangi ya mafuta kwenye kanvasi nyeusi, nusu ya kazi imeshaisha kwa sababu giza tayari lipo. Aliyeniambia hivyo naamini hajawahi kuijaribu. Mimi imenigharimu kanvasi tatu na karibu miezi miwili, na sasa picha yangu ya birika la shaba na bilauri ya maji iko ukutani, kila nikipita lazima niitupie jicho.

Kanvasi ya kwanza niliiharibu kwa ushauri wa mtu huyohuyo: paka nyeusi ya mafuta, subiri siku mbili, endelea. Nikachukua nyeusi ya mifupa, nikailegeza kwa mafuta ya kitani iteleze vizuri, nikaipaka kote. Siku mbili wapi! Wiki ya pili ilikuwa bado inanata kidoleni. Nyeusi hiyo huchelewa mno kukauka, nami nilikuwa nimeizidishia mafuta. Subira ikaniishia. Nilipogusisha manjano kwenye ubavu wa birika, brashi ikazoa weusi wa chini na manjano yakageuka kijani cha matope mbele ya macho yangu. Nikapangusa brashi, nikachota manjano mapya, nikagusa tena: kijani. Nyeusi na manjano huzaa kijani, na hakuna aliyenitahadharisha. Hata kama ningeivumilia, tabaka lenye mafuta mengi likilala chini ya lenye mafuta machache, nyufa zitakuja tu.

Basi nikahamia jeso nyeusi ya akriliki, yaani rangi ya msingi inayopakwa kanvasi kabla ya kuchora. Matabaka mawili, la kwanza wima, la pili mlalo, msasa laini katikati, kisha nikaiacha siku nzima. Mchoro niliuchora kwa chaki nyeupe, maana ukikosea unafuta kwa kitambaa chenye unyevu. (Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani ni habari nyingine: usivirundike pamoja, vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze vikauke.)

Kwenye kanvasi ya pili nyekundu ya alizarini ilimezwa kama maji mchangani, na buluu ya ultramarini sikuiona kabisa. Rangi hizo hupitisha mwanga. Hutegemea weupe ulio chini yake uurudishe, na kwenye nyeusi hakuna kinachorudi. Palipotakiwa wekundu wa shaba ilinibidi kwanza niweke nyeupe ya titani iliyotiwa manjano ya udongo, nzito, ikauke, ndipo alizarini ipite juu yake nyembamba. Nyeupe ya zinki iache: haifuniki, na ikikauka huwa rahisi kupasuka.

Lakini kilichonitesa zaidi ni jicho langu mwenyewe. Kando ya weusi, hata kijivu cha kawaida huonekana cheupe. Usiku niliiacha picha ikionekana inang'aa. Asubuhi nikaiegemeza kwenye ukuta mweupe, nikaona giza tupu kama shimo. Dawa yake niliitengeneza kwa kipande cha kadibodi: nilipaka hatua tisa za kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi, nikakiacha kikauke. Nakishika mbele ya birika, nafinya macho, natafuta hatua inayolingana na pale ninapopatazama. Kisha nachanganya rangi kwenye paleti mpaka ifikie hatua ileile, kabla brashi haijagusa kanvasi. Tangu siku hiyo sijadanganyika tena.

Wako wanaomtaja Caravaggio, mchoraji wa zamani wa Italia aliyesifika kwa picha zenye giza zito, kutetea nyeusi. Yeye mara nyingi alianzia juu ya kahawia ya udongo, si nyeusi tupu, kwa hiyo anayeiogopa nyeusi asione haya kuanzia hapo. Na kwa kuwa rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyopita, sehemu zangu zote za mwanga nilizipaka nene, weusi usije ukazila.

Kwenye kanvasi ya tatu, bilauri niliiacha mwisho. Katikati yake sikugusa kitu, weusi wa jeso ukabaki kama ulivyo. Nikapitisha mstari mwembamba wa kijivu kwenye mdomo, mwingine uliopinda pale maji yanapokutana na kioo, na upande wa dirishani nikabandika tone moja nene la nyeupe kwa ncha ya kisu. Dakika ishirini hazikufika. Nikarudi nyuma hatua tatu, na maji yalikuwa yametulia ndani ya bilauri.