Waliniambia kadi imekufa

Fundi wa kompyuta wa Mwanjelwa, Mbeya, aliikagua kadi ya picha ya laptopu yangu kwa amri moja, akatazama kioo, akaniambia, "Dada, hii kadi imekufa. Inaonekana Intel tu." Dawa yake ilikuwa kubadilisha madabodi, yaani bodi kuu, kwa sababu kwenye laptopu kadi ya picha imechomelewa humo humo. Bei aliyotaja ilikaribia ile niliyonunulia mashine nzima. Jamaa aliyekaa pembeni akadakia: toa Linux, weka Windows, yaishe. Niliondoka na hasira.

Mimi natengeneza picha za nyumba. Mteja ananiletea ramani, nami kwa programu ya Blender namwonesha nyumba yake ya Uyole au Iyunga itakavyosimama kabla hata msingi haujachimbwa. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina mfumo wa Linux Mint na kadi mbili za picha: Intel iliyo ndani ya prosesa, na NVIDIA GTX 1050 ya kazi nzito. Bila NVIDIA, picha moja ilikuwa inanila dakika 40 hivi.

Amri ya fundi ilikuwa lspci | grep VGA: lspci inaorodhesha vifaa vilivyo ndani ya mashine, grep inachuja mistari yenye neno VGA tu. Nyumbani niliandika lspci yenyewe, bila kuchuja, nikasoma mstari kwa mstari. Kadi ilikuwepo! Ila iliandikwa 3D controller, siyo VGA. Laptopu nyingi za kadi mbili ziko hivyo: kioo kimeungwa kwenye Intel, NVIDIA inachora kisha inaikabidhi Intel picha iliyokamilika ili iioneshe. Chujio lilitafuta neno VGA, likaipita kadi nzima.

Basi tatizo ni draiva, ile programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi. Rafiki akanishauri nishushe faili la .run la kusakinisha draiva kutoka tovuti ya watengenezaji wa kadi. Bando la elfu mbili tatu likaenda. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3 kufungua kioo cha maandishi matupu, nikasimamisha lightdm, programu inayoleta ukurasa wa kuingilia, nikaendesha faili. Kila lilichouliza nikajibu ndiyo, pamoja na swali la kuandika upya xorg.conf, faili la mipangilio ya kioo na kadi. Nikawasha upya. Nembo ya Mint ikapita, halafu giza, na kistari kimoja kinapepesa juu kushoto. Saa tano usiku, mwezi wa Julai, baridi ya Mbeya mnaijua, nimejifunga blanketi na kazi ya mteja imo ndani ya mashine ile.

Nilikuja kuelewa baadaye. Faili lile lilikuwa limeifungia nouveau, ile draiva huria inayokuja na kerneli, yaani kiini cha Linux. Draiva mpya nayo haikupakiwa. Na xorg.conf ikaagiza kila kitu kichorwe na NVIDIA, basi hakuna wa kuchora. Lakini Intel ilikuwa hai, ndiyo maana nilipobonyeza tena Ctrl+Alt+F3 maandishi yalitokea. Nikaendesha sudo nvidia-uninstall, nikafuta /etc/X11/xorg.conf, nikawasha upya, na mandhari yangu ikarudi na kazi yote salama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ukipata giza hilo, tafadhali usikimbilie kufuta mfumo; kitu chako hakijapotea.

Kesho yake nikapita njia ya kawaida, sudo apt install nvidia-driver-535. Katikati ikaniomba nitunge nywila ya Secure Boot, ule ulinzi unaozuia programu zisizoaminika mashine inapowaka. Nikatunga bila kujua ni ya nini. Mashine ilipowaka kikaja kioo cha buluu nisichowahi kukiona, na orodha fupi ya machaguo. Nikahofia nimeharibu tena, nikachagua kuendelea kuwasha. Hapo ndipo nilipopoteza siku mbili. Nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, ikawa inasema haiwezi kuwasiliana na draiva, na kila niliyemuuliza ananijibu toa, weka upya.

Kilichoniokoa ni kuacha kuuliza watu na kuiuliza kerneli. Niliandika sudo modprobe nvidia, amri ya kuipakia draiva kwa mkono, ikajibu: Key was rejected by service. Yaani ufunguo umekataliwa. Draiva haikuwa mbovu! Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli haipakii moduli, yaani kipande cha draiva kinachoingia ndani yake, ambayo saini yake haiiamini. Moduli ya NVIDIA hujengwa na programu iitwayo DKMS kwenye mashine yako mwenyewe, inatiwa saini kwa ufunguo wa mashine hiyo, na ufunguo huo hauaminiki mpaka mwenye mashine aukubali kwa mkono wake kabla mfumo haujaamka. Kile kioo cha buluu kilikuwa kinaniomba hilo tu.

Nikaomba upya: sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, na nywila ya tarakimu 8, rahisi, maana inatumika mara moja tu. Safari hii sikubanduka kwenye kiti, kwani kioo kile husubiri sekunde 10 tu kisha kinaondoka. Enroll MOK (sajili ufunguo wa mwenye mashine), Continue, Yes, nywila, washa upya. Nikaandika nvidia-smi, na jedwali likatokea na jina la kadi yangu. Nilimwamsha mdogo wangu aje aone. Ndani ya Blender nikachagua CUDA, njia ya kufanya hesabu kwa kadi ya NVIDIA, picha ile ile ikatoka kwa dakika 11.

Kerneli imeshasasishwa mara mbili tangu hapo, na DKMS inajenga na kusaini yenyewe. Umeme ukikatika natumia sudo prime-select intel ili ifanye kazi Intel peke yake, na kuwasha upya, kwa sababu kadi za kizazi cha Pascal kama yangu hazijizimi zenyewe zikikosa kazi, zinakula betri. Za kizazi cha Turing na vya baada yake zinaweza.

Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi laptopu, nikaandika lspci mbele yake. Akainama, akasoma mpaka mwisho. "Dada, niandikie hapa," akasema, akanisogezea kipande cha boksi na kalamu.