Vijisanduku viwili

Leo mchana nimetoka katika ofisi ya msaada wa kisheria hapa Louisville, Marekani, na mikono bado inanitetemeka kidogo.

Wiki mbili zilizopita nililetewa barua inayodai kwamba nilificha mshahara wangu wa usafi wa hoteli ili niendelee kupokea msaada wa serikali wa fedha za chakula kwenye kadi. Sikuficha. Nilipiga simu na kueleza wiki ileile niliyoanza kazi, ila sikujua kwamba hata simu huhitaji kuwekewa ushahidi.

Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu, na ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri niitie saini yaishe.

Mwanasheria, ambaye hakunitoza hata senti, aliigeuza fomu ikanielekea, akaweka ncha ya kalamu juu ya vijisanduku viwili. Cha kwanza kilisema nakiri kosa. Cha pili, sikiri, lakini naacha haki ya kusikilizwa. Kupitia kwa mkalimani akanieleza kwamba vyote viwili vinafika palepale: kwa kosa la kwanza, miezi 12 bila msaada.

Kwenye kimoja nilikuwa nimeshaweka nukta ya wino, ndogo kama punje ya ulezi, na macho yangu hayakubanduka hapo.

Fomu hatukuisaini. Tunasubiri kikao cha kusikilizwa, nami nakusanya hati za mshahara na orodha ya simu nilizopiga.

Wapendwa, kuna aliyewahi kusikilizwa katika kikao cha namna hii? Mkalimani alitafsiri kila neno, au muhtasari tu?